Paa la Bunia Halihitaji Udongo

Katika mijadala ya mipango miji umejengeka msimamo ambao sasa hurudiwa kama jambo lisilodai ushahidi, nao ni kwamba mji uliosongamana, ukishamaliza ardhi yake, hauna budi kuhamishia bustani juu ya mapaa, na kwamba paa lolote lililooteshwa mimea ni rafiki wa mazingira kwa kuwa tu limeoteshwa mimea. Picha zinazoambatana na msimamo huo hutoka Singapore, Chicago au Paris, na miji ya mashariki ya Kongo huoneshwa picha hizo kwa sauti ya kuikumbusha kwamba imechelewa. Makala haya yanashikilia kinyume chake kwa mji kama Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri: kazi ya kimazingira ya paa la huko ni kukinga maji, si kubeba udongo, na anayehimiza udongo upandishwe juu, apende asipende, anahimiza zege, ambalo madhara yake kwa mazingira yanazidi mara nyingi faida ya majani yatakayoota juu yake.

Ni vizuri kwanza ieleweke bustani ya paa ni kitu gani, kwa sababu watetezi wake wengi huizungumzia kana kwamba ni udongo uliomwagwa juu ya nyumba. Bustani ya paa iliyojengwa kwa kanuni ni tabaka kadhaa zilizopangwa kutoka chini kwenda juu: bamba la zege la nondo, yaani sakafu ya juu inayobeba uzito, utando usiopitisha maji, utando mwingine wa kuzuia mizizi isitoboe ule wa kwanza, tabaka la kokoto nyepesi au plastiki yenye vishimo linaloruhusu maji ya ziada kutiririka, kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe njia za maji, na mwisho udongo wenyewe, ambao kwa kawaida si udongo wa shambani bali ni mchanganyiko uliotengenezwa uwe mwepesi. Wajerumani, ambao wameandika miongozo ya kina kuliko taifa lolote kuhusu kazi hii, hutofautisha bustani nyepesi, yenye udongo wa sentimita chache na mimea mifupi inayostahimili ukame, na bustani nzito, yenye udongo wa kutosha mboga, vichaka na hata miti. Tofauti hiyo ndiyo inayosahaulika pale bustani ya paa inapopigiwa debe kama jawabu la njaa ya mijini, kwa maana ile nyepesi hailishi mtu, na ile inayolisha mtu ni nzito.

Uzito basi ndio uanze hoja. Nyumba nyingi za Bunia ni za ghorofa moja, zenye kuta za matofali ya kuchoma, za matofali mabichi au za miti na udongo, na juu yake kenchi za mbao, papi, na mabati. Bati la kawaida halifikii unene wa nusu milimita, na mita moja ya mraba ya bati hilo ina uzito wa kilo mbili au tatu. Mbao zinazolishikilia zimepimwa, kama zimepimwa, kwa ajili ya bati hilo, upepo, na fundi mmoja anayepanda kugongomea misumari. Udongo ulioloa maji, kwa upande wake, una uzito wa kilo 1,600 hadi 2,000 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tabaka la sentimita 10 tu, ambalo halitoshi hata kwa karoti, huweka kilo 160 hadi 200 juu ya kila mita ya mraba. Nyumba yenye paa la mita za mraba 40 ingebebeshwa tani zipatazo saba. Hakuna kenchi ya mkaratusi itakayovumilia hilo, na ukuta wa udongo ulio chini yake hautavumilia pia.

Watetezi wanalifahamu jambo hili, na jibu lao huwa tayari: basi watu wajenge mapaa bapa ya zege. Hapa ndipo hoja yao inapojipinga yenyewe. Bamba la unene wa sentimita 15 kwa paa lilelile la mita za mraba 40 ni mita za ujazo 6 za zege, na zege la kawaida la nondo hutaka kilo 300 hadi 350 za saruji kwa kila mita ya ujazo. Hiyo ni mifuko 36 hadi 42 ya kilo 50, kabla hazijahesabiwa boriti, nguzo na msingi mpana zaidi ambavyo bamba hilo litavidai. Kila tani ya saruji, kutokana na mawe ya chokaa yanayochomwa na nishati ya kuyachomea, hutoa hewani takribani kilo 600 hadi 900 za kaboni dioksidi, gesi inayoongeza joto la dunia, na viwanda vya saruji kwa jumla huchangia karibu asilimia 7 au 8 ya gesi hiyo inayotokana na shughuli za binadamu. Bamba moja la nyumba moja ya kawaida, basi, huanza maisha yake na deni la zaidi ya tani moja. Saruji hiyo tena haitengenezwi Ituri: sehemu kubwa ya inayotumika mashariki ya Kongo hutoka Uganda kwa malori, ikipitia mipaka, vizuizi na barabara ambazo kila dereva wa Bunia anazijua kwa majina na kwa bei.

Upande wa pili wa mizani upo utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mapaa mepesi ya mimea huko Michigan, Marekani, uliokuta kwamba mimea, mizizi na udongo wa paa la aina hiyo vilihifadhi gramu 375 za kaboni kwa mita ya mraba katika muda wa misimu miwili ya kilimo. Kwa paa la mita za mraba 40 hizo ni kilo 15 za kaboni, sawa na kilo 55 hivi za kaboni dioksidi. Bustani ya mboga ingeweka akiba ndogo zaidi, kwa kuwa mboga huliwa, na kaboni yake hurudi hewani ndani ya wiki chache. Deni la tani nzima haliwezi kulipwa kwa akiba ya kilo 55, hata msamaha wa riba ukitolewa.

Watetezi husahau pia kwamba Bunia imekaa kwenye bega la magharibi la Bonde la Ufa, juu ya Ziwa Albert, katika ukanda ambao ardhi yake hutikisika. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu wengi pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kongo, na mhandisi yeyote aliyesoma sura ya kwanza ya somo la matetemeko anajua kwamba nguvu inayoisukuma nyumba kando wakati ardhi inapotikisika hukua pamoja na uzito wake, na kwamba uzito mbaya kuliko wote ni ule ulio juu. Paa jepesi la bati, kwa ubaya wake wote, haliui kirahisi. Kulibadilisha na tani za zege na udongo ulioloa, juu ya kuta za matofali zisizo na nguzo, ni kuongeza hatari kwa jina la mazingira.

Historia nayo imekwisha kutoa ushahidi wake, kama watu wangependa kuusikiliza. Msanifu Le Corbusier, aliyetangaza mwaka 1927 kanuni zake tano za usanifu mpya, aliiweka bustani ya paa miongoni mwao akidai kwamba nyumba irudishe juu ile ardhi iliyoichukua chini; nyumba yake mashuhuri ya Villa Savoye, iliyokamilika mwaka 1931 huko Poissy karibu na Paris, ikawavujia wenyewe mvua hadi wakaandika barua za malalamiko mwaka baada ya mwaka. Karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili ipo Zanzibar. Nyumba za kale za mawe za pwani, Zanzibar na Lamu, zilikuwa na mapaa bapa yaliyojengwa kwa boriti za mikoko, mawe ya matumbawe na chokaa iliyopigwapigwa. Urefu wa boriti ulilazimisha vyumba viwe vyembamba, vya mita mbili na nusu au tatu hivi, kwa sababu zaidi ya hapo mti ungepinda chini ya mzigo. Mapaa hayo yalivuja kila masika, na Mji Mkongwe wa Zanzibar ulikuja kufunikwa, nyumba baada ya nyumba, kwa mapaa ya mgongo ya mabati yaliyowekwa juu ya yale bapa. Watu wenye uzoefu wa karne nyingi wa kujenga mapaa bapa, katika mji uliosongamana kuliko Bunia, waliamua kwa hiari yao kwamba mvua ya tropiki haibembelezwi. Kuwarudisha watu wa Ituri kwenye paa bapa, bila kuwapa hata ule ustadi wa chokaa ambao mafundi wa pwani walikuwa nao, si maendeleo.

Hata miji inayotolewa mfano haifanyi kile inachosemwa kufanya. Kanuni ya Toronto ya mwaka 2009, ambayo hutajwa sana kama ya kwanza ya aina yake Amerika ya Kaskazini, iliyalazimisha kuwekewa mimea juu ya paa majengo mapya yenye sakafu za jumla ya mita za mraba 2,000 au zaidi, yaani majengo ambayo yangekuwa na bamba la zege hata kama hakuna aliyewahi kuwaza majani. Bamba lipo kwa sababu nyingine. Bustani inalitumia tu. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kumwambia mwalimu wa shule ya msingi, mwenye nyumba ya vyumba vitatu, ajenge bamba ili apate bustani.

Msimamo unaopingwa hapa hauegemei hesabu za zege peke yake, bali unaegemea pia dai kwamba ardhi imekwisha, na dai hilo, likitazamwa kutoka Fataki, linageuka kuwa aina ya usahaulifu. Fataki iko kaskazini mwa Bunia, katika wilaya ya Djugu, kwenye nyanda za juu zenye mvua ya kutosha, mifugo, maharage na viazi mviringo. Kuanzia Desemba 2017 machafuko yaliyoikumba Djugu yaliwafukuza watu wengi katika vijiji vyao, na Fataki haikusalimika. Maelfu waliteremkia Bunia, wengine wakapokewa na jamaa, wengine wakaishia katika kambi kama ile ya Kigonze, ambako paa ni turubai. Jimbo zima likawekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021. Msongamano wa Bunia, kwa sehemu isiyo ndogo, ni msongamano wa watu wenye mashamba wasiyoweza kuyafikia. Kumwambia mkulima wa Fataki, ambaye ardhi yake iko palepale ikimea magugu, kwamba tatizo lake ni uhaba wa ardhi na kwamba dawa yake iko juu ya paa, ni kuligeuza swali la usalama na haki ya kurudi nyumbani kuwa swali la usanifu wa majengo, na swali la usanifu lina raha moja kubwa: halimuudhi mtu yeyote mwenye madaraka.

Zaidi ya hayo, msongamano wa Bunia si ule wa minara. Watu wamebanana kwenye viwanja, au parseli kama wenyewe wasemavyo, lakini nyumba zimebaki za ghorofa moja, kwa hiyo eneo la paa halizidi sana eneo la sakafu, na kati ya nyumba na nyumba bado upo ukanda wa ardhi ambao leo hii unachimbwa na maji. Hapo ndipo penye habari yenyewe. Mvua ya Bunia inazidi milimita 1,000 kwa mwaka, ikipungua tu kwa miezi michache tangu katikati ya Desemba hadi Februari. Anayeukagua upande wa chini wa nyumba isiyo na mfereji wa paa ataona mstari wa vishimo vilivyopangika sawasawa, kimoja chini ya kila bonde la bati, kila kimoja kimechimbwa na matone yaleyale mahali palepale. Nyuma ya vishimo ukuta umerukiwa na tope jekundu hadi usawa wa goti, na plasta, kama iliwahi kuwepo, imeachia. Kutoka hapo maji hutafuta njia ya miguu, njia hugeuka mfereji, na mfereji, kwenye mteremko, hugeuka korongo. Madhara makubwa ya kimazingira ya paa la bati ndiyo haya: linakusanya mvua ya eneo zima na kuitupa kwa kasi kwenye ukanda mwembamba wa ardhi tupu.

Mvua moja ya milimita 30, ambayo si ya ajabu, inaliletea paa la mita za mraba 40 lita 1,200, sawa na mapipa sita ya lita 200. Kitanda cha mboga kinahitaji lita nne au tano kwa mita ya mraba kwa siku isiyo na mvua, kwa hiyo vitanda vya mita za mraba 10 vya lengalenga, vitunguu na sukuma wiki, vilivyopandwa ardhini au katika magunia, hutumia lita 50 kwa siku, na tangi la lita 2,000 linavivusha siku 40 za kiangazi. Bustani ya magunia si ndoto: shirika la Solidarités International liliieneza katika vitongoji vya Nairobi kama Kibera na Mathare tangu mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya kupandisha bei ya chakula, na gunia moja, lenye nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji na matundu ubavuni ya kupandikizia miche, lilikaa mlangoni, mahali ambapo mama mwenye nyumba angeweza kulimwagilia maji aliyooshea mchele. Halikukaa juu ya bati.

Usanifu unaostahili kuitwa rafiki wa mazingira kwa Bunia unaanzia basi kwenye ukingo wa paa. Mfereji uwe na mteremko wa sentimita moja hivi kwa kila mita ili maji yasituame. Bomba la kuteremkia liwe na kipande cha pembeni cha kukinga na kutupa maji ya kwanza ya kila mvua, kwa sababu ndiyo yanayobeba vumbi, vinyesi vya ndege na zinki iliyochujuka kutoka kwenye bati. Tangi lifunikwe kabisa na mdomo wake uzibwe kwa wavu, kwa maana maji yaliyo wazi katika nchi ya malaria ni kitalu cha mbu. Na maji yanayofurika yaelekezwe kwenye shimo pana lililojazwa takataka za jikoni na kuzungushiwa migomba, ambayo hunywa bila kuchoka. Ukanda wa chini ya mwanguko wa paa uwekwe mawe au upandwe majani ya kushika udongo. Gharama yake ni mabati kadhaa yaliyokunjwa na fundi, bomba, na chombo cha kuhifadhia, navyo vyote vinanunulika kimoja kimoja, jambo ambalo bamba la zege haliruhusu kamwe, kwani bamba halimwagwi nusu.

Yapo majengo ambayo hoja hii inayaachia nafasi, na haki inataka yatajwe. Kando ya barabara kuu za Bunia zimeinuka nyumba za ghorofa ambazo wenyewe wameziacha na bamba la juu na nondo zilizochomoza angani zikipata kutu, zikingoja ghorofa itakayofuata fedha zikipatikana. Bamba hilo limekwisha kulipiwa, na deni lake la kaboni limekwisha kuingia. Kulitumia ni busara. Hata hapo masharti ni magumu kuliko vipeperushi vinavyosema. Makreti ya udongo yapangwe juu ya boriti na karibu na nguzo, si katikati ya chumba, ambako bamba hupinda zaidi. Mteremko wa bamba uwe angalau sentimita mbili kwa mita hadi kwenye tundu la maji. Utando usiopitisha maji ujaribiwe kwa kuzibwa tundu hilo na kuachwa maji yatuame siku mbili kabla ya punje moja ya udongo kupanda ngazi. Udongo uchanganywe na pumba za mchele au mboji ili uwe mwepesi. Na ukuta wa ukingo ufike kiuno cha mtu mzima, kwa sababu watoto wa mjini hupanda popote penye ngazi. Mwenye jengo atakayeona masharti haya ni mengi aendelee kuanika nguo na mihogo, kazi ambazo bamba lake limezifanya vizuri siku zote.

Hubaki hoja ya joto, ambayo husemwa sana na hustahili maneno machache tu. Mimea ya paa hupoza vyumba vilivyo chini yake, hilo ni kweli, lakini Bunia iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,300, na usumbufu wake ni ule wa saa sita mchana chini ya bati tupu, ambao dari ya mbao au ya mikeka, matundu ya hewa kwenye pembe za juu za kuta na rangi nyeupe juu ya bati huuondoa kwa gharama ndogo sana.

Mwisho lipo suala la nani atakayekula hizo mboga. Wengi wa wanaobanana katika parseli za Bunia ni wapangaji au wageni wa jamaa zao, na bamba la juu, pale lilipo, ni mali ya mwenye jengo, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa ngazi na ndiye atakayeamua siku ya kumwaga ghorofa nyingine juu ya vitanda vya mchicha. Gunia hubebwa mpangaji anapohama, na pipa pia. Familia iliyotoka Fataki ikiwa na jembe na mbegu za maharage, na inayotumaini kurudi, haina sababu ya kuwekeza katika kitu kilichofungwa kwenye nyumba ya mtu mwingine, na ofisi ya mji inayotoa vibali vya ujenzi ingewafaa watu hao zaidi kwa kudai, katika kila mchoro wa nyumba ya kupangisha, mfereji kwenye paa, mahali pa tangi na mita chache za udongo usiosakafiwa, kuliko kwa kubandika ukutani picha ya Singapore.